Fundi wa kiunzi cha ndege: Mambo ya kujua Kesses kabla ya kulipa karo

Wakazi wa Kesses katika Kaunti ya Uasin Gishu wana majirani wawili wanaowafanya vijana wao waote kuhusu anga. Wa kwanza ni Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, ambacho bewa lake kuu liko papo hapo Kesses, takriban kilomita 35 kusini mashariki mwa mji wa Eldoret. Wa pili ni Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka 1997, wenye njia ya kurukia ya takriban kilomita tatu na nusu na unaopokea ndege kubwa za mizigo.

Kijana anapoulizwa angependa kazi gani katika sekta hiyo, aghalabu hujibu kuwa anataka urubani. Ni wachache wanaomtaja fundi wa kiunzi, yaani yule anayekagua na kutengeneza mwili wa ndege: kiwiliwili, mabawa, mkia, milango na sakafu. Hata hivyo, hakuna rubani anayeruhusiwa kupaa na abiria kabla ya mtu mwenye mamlaka kutia sahihi kwamba mwili huo ni mzima.

Makala haya yanaeleza kazi hiyo ni ipi, inasomewa vipi, na hasa tofauti iliyopo kati ya cheti cha chuo na leseni ya kazi. Tofauti hiyo ndiyo inayowaponza wazazi wengi. Mzazi huuza mahindi au ng'ombe wa maziwa, akalipa karo ya miaka miwili au mitatu, kisha mwanawe akahitimu na cheti ambacho muda wake wa masomo hauhesabiwi na mamlaka inayotoa leseni. Uasin Gishu inaujua uchungu wa karo iliyolipwa bila uhakika: mwaka 2023 wazazi wa kaunti hiyo waliandamana mjini Eldoret wakidai kurejeshewa fedha walizolipia mpango wa masomo ya Finland na Canada.

KAZI YENYEWE

Ndege nyingi zinazoruka Afrika Mashariki, kuanzia Cessna ndogo za kwenda mbugani hadi Boeing za masafa marefu, zimeundwa kwa mabati ya aloi za alumini. Ndani mna boriti, mbavu na fremu. Juu yake mna ngozi ya bati. Viungo hivyo hushikanishwa kwa ribiti, yaani misumari mifupi ambayo hupigwa ikafura upande wa pili na kubana mabati pamoja. Ndege moja kubwa huwa na ribiti na skrubu kwa mamia ya maelfu.

Mwanafunzi huanza na yale ambayo fundi yeyote wa mabati angeyatambua: kupima, kuchora, kukata, kukunja, kupiga tupa na kutoboa kwa keekee. Tofauti hujitokeza katika vipimo. Fundi wa jua kali anayeunda sufuria au tangi la maji huweza kukisia kwa jicho na kurekebisha baadaye. Fundi wa ndege hana ruhusa ya kukisia. Kila tengenezo hufuata kitabu cha mtengenezaji wa ndege husika, kinachoeleza aina ya bati, unene wake, ribiti ya kutumia na mahali pa kutoboa.

Chukua mfano wa ribiti yenye kipenyo cha milimita 4. Kwa kanuni ya jumla inayofunzwa darasani, kitovu cha tundu lake hakipaswi kuwa karibu na ukingo wa bati kwa chini ya milimita 8, yaani mara mbili ya kipenyo. Umbali kutoka ribiti moja hadi nyingine hauwi chini ya milimita 12. Ikishapigwa, kichwa kinachofanyika upande wa pili kinapaswa kuwa na upana wa milimita 6 hivi na kimo cha milimita 2. Kikiwa chembamba, hakibani. Kikisagwa kupita kiasi, hupasuka. Ribiti iliyoharibika hutobolewa na kuondolewa, na tundu likishapanuka fundi hulazimika kutafuta ribiti kubwa zaidi. Makosa mawili matatu ya namna hiyo huweza kuharibu bati zima.

Kazi hiyo hufanywa na watu wawili. Mmoja hushika bunduki ya ribiti inayoendeshwa kwa shinikizo la hewa, na mwenzake hukaa upande wa pili akikinga kwa kipande kizito cha chuma. Aghalabu hawaonani, kwani bati limewatenganisha, hivyo huelewana kwa kugonga. Ndiyo maana waalimu hupima pia uwezo wa mwanafunzi kufanya kazi na mwenzake.

Zaidi ya ribiti, fundi hujifunza kutambua kutu. Kutu ya alumini haina wekundu wa kutu ya chuma. Hutoka kama unga mweupe au wa kijivu, na mara nyingine huinua rangi mithili ya lengelenge. Hupenda kujificha chini ya choo, chini ya jiko na mahali maji yanapotuama. Kadhalika hujifunza kutafuta nyufa zisizoonekana kwa macho: kwa rangi inayopenya ufa, kwa mkondo wa umeme, kwa mawimbi ya sauti na kwa eksirei.

Katika miaka ya karibuni ufundi huo umepata tawi jipya. Ndege aina ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways ilipokea ya kwanza mwezi Aprili 2014, imeundwa kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, na takriban nusu ya uzito wa mwili wake ni mseto huo. Mwili wa aina hiyo hauli kutu kama alumini, lakini ukigongwa na gari la mizigo huweza kuumia ndani huku nje ukionekana salama. Fundi huugonga polepole kwa kinyundo kidogo na kusikiliza: sauti ikibadilika kutoka kali kuwa nzito, tabaka za ndani huenda zimeachana. Kuutengeneza kunahitaji kusugua tabaka moja baada ya nyingine, kubandika mpya na kuzipasha moto kwa kipimo maalumu. Mafundi wenye ujuzi wa alumini pekee hulazimika kurudi darasani.

KWA NINI KOSA DOGO NI MAUTI

Ndege ya abiria inapokuwa mita 11,000 angani, hewa ya ndani hudumishwa iwe kama ya mahali palipo mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Eldoret uko zaidi ya mita 2,100. Hivyo basi, abiria aliye angani huvuta hewa isiyo tofauti sana na ile ya mkulima wa Uasin Gishu shambani mwake. Nje hewa ni hafifu mno, na tofauti hiyo husukuma ngozi ya ndege kwa nguvu inayoweza kuzidi tani 5 kwa kila mita mraba. Ndege ikipaa, kiwiliwili hutanuka, ikitua, hunywea. Waya ukikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hukatika, na bati nalo huchoka vivyo hivyo.

Ulimwengu ulijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa. Ndege ya Comet ya Uingereza ilianzisha huduma ya kwanza ya abiria kwa ndege za jeti tarehe 2 Mei 1952, kutoka London hadi Johannesburg, na Entebbe ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Mwaka 1954 Comet mbili zilivunjika angani katika eneo la Mediterania. Uchunguzi ulibaini kuwa nyufa za uchovu zilianzia kwenye matundu madogo ya misumari karibu na nafasi zilizokatwa katika ngozi ya ndege.

Mwaka 1988 ndege ya Boeing 737 ya shirika la Aloha, iliyokuwa imefanya safari zaidi ya 89,000 katika visiwa vya Hawaii vyenye hewa ya chumvi, ilibanduka sehemu ya paa ikiwa angani. Mhudumu mmoja alifariki. Kutu na nyufa kwenye viungo vya mabati zilikuwa zimewapita wakaguzi bila kuonwa.

Ajali nzito zaidi ilitokea Japan tarehe 12 Agosti 1985, ambapo watu 520 kati ya 524 waliokuwa katika Boeing 747 ya Japan Airlines walikufa. Miaka saba kabla yake mkia wa ndege hiyo ulikuwa umegusa ardhi wakati wa kutua, na ukuta wa nyuma unaozuia hewa ukatengenezwa. Maagizo yalitaka bati moja la kuungia. Mafundi wakatumia bati lililokatwa vipande viwili, hivyo sehemu ya kiungo ikashikwa na safu moja ya ribiti badala ya mbili. Tengenezo hilo lilistahimili safari zaidi ya 12,000 kabla ya ukuta kupasuka.

Afrika Mashariki nayo ina kumbukumbu yake. Tarehe 18 Aprili 1972, ndege ya Super VC10 ya East African Airways ilishindwa kupaa mjini Addis Ababa na watu 43 kati ya 107 wakafariki. Gurudumu lake lilikuwa limekanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege nyingine ndogo, na breki hazikuweza kuisimamisha kwa sababu sehemu ya mfumo wake ilikuwa imeunganishwa isivyo. Ajali hiyo haikutokana na ribiti wala nyufa, lakini mafundi wa kiunzi hufunzwa somo lake: kila kifaa na kila kipande huhesabiwa kabla ya kuingia kazini na baada ya kutoka.

CHETI, LESENI NA IDHINI

Hapa ndipo penye utata, na msomaji anashauriwa kutofautisha mambo matatu.

La kwanza ni cheti cha masomo. Hiki hutolewa na chuo au na chombo cha mitihani, na huthibitisha kwamba mwanafunzi amesoma na kufaulu. Nchini Kenya mafunzo ya kiufundi hupangwa kwa viwango: cha 4 ni cha fundi, cha 5 ni cheti cha ufundi, na cha 6 ni stashahada. Kwa kawaida stashahada katika vyuo vya umma huhitaji alama ya wastani ya C- katika mtihani wa KCSE, na cheti huhitaji D. Kozi za ndege aghalabu hudai alama bora zaidi katika hisabati, fizikia na Kiingereza.

La pili ni leseni. Hii hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege Nchini, KCAA, kwa sheria ya mwaka 2013, wala haitolewi na chuo chochote. Msingi wake ni viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Viwango hivyo vinadai mwombaji awe ametimiza angalau miaka 18, afaulu mitihani ya sheria za anga, sayansi, uhandisi, matengenezo na tabia za binadamu kazini, na awe na uzoefu wa miaka minne wa kukagua na kutengeneza ndege. Muda huo hupungua hadi miaka miwili iwapo mwombaji amemaliza kozi iliyoidhinishwa. Hicho ni kiwango cha chini, na kila nchi inaweza kuongeza masharti yake.

Neno la kuzingatia ni "iliyoidhinishwa". Vijana wawili wanaweza kusoma vitabu vilevile na kulipa karo ileile, lakini aliyesoma katika chuo chenye idhini ya KCAA kwa kozi hiyo anahitaji uzoefu wa miaka miwili, na mwenzake wa chuo kisicho na idhini anahitaji minne. Kusajiliwa na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi, TVETA, ni takwa la sheria kwa chuo cha ufundi. Hata hivyo, usajili huo hauchukui nafasi ya idhini ya KCAA.

La tatu ni idhini ya karakana. Karakana ya ndege iliyosajiliwa humruhusu fundi wake kufanya kazi fulani katika ndege za aina fulani baada ya kumpima. Fundi wa mabati asiye na leseni anaweza kufanya kazi nzuri na kulipwa chini ya uangalizi wa mhandisi mwenye leseni. Asichoweza ni kutia sahihi ya mwisho inayoirejesha ndege angani. Wapo mafundi stadi wanaoridhika na nafasi hiyo maisha yao yote, na haina aibu yoyote, mradi kijana aijue mapema asije akadanganywa kuwa cheti chake kitampa mamlaka ambayo hakina.

MAHALI PA KUSOMEA

Kwa mkazi wa Kesses, ukaribu wa chuo kikuu unaweza kumpotosha. Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha Shule ya Sayansi za Anga, na shahada ya aina hiyo humwandaa mtu kwa usimamizi na taaluma pana ya usafiri wa ndege. Shahada hiyo si leseni ya kutengeneza ndege. Anayetaka kushika bunduki ya ribiti huhitaji njia ya ufundi.

Nairobi ndiyo yenye karakana na vyuo vingi. East African School of Aviation, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1954, iko Embakasi chini ya KCAA. Kenya Airways ina kituo chake cha mafunzo, Pride Centre, eneo hilohilo. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, kilichokuwa Kenya Polytechnic, kina mafunzo ya uhandisi wa ndege. Uwanja wa Wilson, wenye jina la Florence Wilson aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929, umejaa karakana za ndege ndogo, na huko ndiko wanagenzi wengi hupata uzoefu wao wa kwanza.

Nje ya mipaka, chuo cha Soroti nchini Uganda kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo kwa ajili ya marubani na wahandisi wa ndege, na kiliendelea chini ya Uganda baada ya jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Kwa anayetoka Kesses, safari ya Soroti kupitia Malaba na Mbale haina tofauti kubwa na ile ya Nairobi. Tanzania nayo ina Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, jijini Dar es Salaam. Anayesoma ng'ambo ya mpaka anapaswa kuiuliza KCAA mapema jinsi masomo hayo yatakavyotambuliwa nchini.

Aidha, kijana anaweza kuanza karibu na nyumbani. Ujuzi wa mabati, uchoraji wa kiufundi na matumizi ya mashine hupatikana katika vyuo vya kiufundi vya Eldoret, na mwanafunzi wa chuo cha umma anaweza kuomba mkopo wa HELB. Msingi huo hauhesabiwi kama mafunzo ya ndege, lakini anayefika hanga akijua tayari kusoma mchoro na kutumia maikromita huchukuliwa haraka kuliko asiyejua. Kwa walio bado shuleni, mtaala wa umilisi umeweka teknolojia ya usafiri wa ndege miongoni mwa masomo ya sekondari ya juu, ijapokuwa shule zenye vifaa vya kuifunza ni chache. Penye upungufu huo, fizikia, hisabati na ufundi wa vyuma hutosha kumwandaa mwanafunzi.

MASWALI YA KUULIZA

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi na mwanawe waulize chuo maswali haya, na majibu yatolewe kwa maandishi:

Je, chuo kina idhini ya KCAA kwa kozi hii hasa, na idhini hiyo inaisha lini? Mamlaka hutoa orodha ya vyuo ilivyoviidhinisha, hivyo jibu linaweza kuthibitishwa bila kumtegemea mwenye chuo.

Je, mtihani wa mwisho ni wa nani, na mitihani ya leseni inalipiwa ndani ya karo au kando?

Je, kuna karakana yenye vifaa na mwili wa ndege wa kufanyia mazoezi, au ni vitabu na picha tupu? Mzazi aombe kuiona.

Je, wanafunzi hupelekwa wapi kwa uanagenzi, na chuo kina mkataba na karakana hizo? Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa nafasi za karakana ni chache kuliko wahitimu.

Chuo kizuri hakitaudhika kwa maswali hayo. Kinachokwepa, au kinachoahidi ajira ng'ambo kabla ya masomo kuanza, kiepukwe.

BAADA YA MASOMO

Kazi ya karakana si rahisi. Ndege huruka mchana, hivyo matengenezo mengi hufanywa usiku. Kelele za bunduki ya ribiti huharibu masikio yasiyokingwa, vumbi la nyuzi za kaboni hudhuru mapafu, na fundi huweza kushinda amejikunja ndani ya bawa kwa saa kadhaa. Anayehofia sehemu za juu au zenye nafasi finyu ajichunguze kabla ya kujisajili.

Jambo la mwisho ni daftari la kazi. Kila shughuli ambayo mwanagenzi anaifanya inapaswa kuandikwa siku hiyohiyo: tarehe, aina ya ndege, kazi iliyofanywa na sahihi ya mhandisi aliyeisimamia. Miaka ya uzoefu isiyoandikwa ni vigumu kuithibitisha mbele ya KCAA, hasa iwapo msimamizi amehama au karakana imefungwa. Wapo waliofanya kazi miaka mitano na kuweza kuthibitisha miwili tu. Daftari hilo linunuliwe siku ya kwanza ya kazi, na lisiachwe mikononi mwa mtu mwingine.